Siku Moto Ulipomwinamia Mzee Zefania

Hana masikio, anasikia. Hana miguu, yuko kila nyumba. Mlishe ananenepa, mnyweshe maji anakufa.

Katika nchi ya Jemedari Nkindwa hata mtoto anayeanza kutambaa alijua jibu la kitendawili hicho, na hakuna aliyelitaja kwa sauti. Vitendawili hutegwa jikoni, na jikoni ndiko alikokuwa amekaa mwenyewe, anasikiliza.

Moto. Nimeshasema.

Maana Jemedari hakuiteka nchi hii kwa bunduki. Alikuja mwaka ule simu za tochi zilipokuwa ndiyo kwanza zinafika Iguguno. Akapanda juu ya majabali, akakunja ngumi, na mioto yote ikazimika. Viberiti vikawa vijiti vya kuchokolea meno. Mtungi wa gesi wa mwalimu mkuu ukapumua tu kama mbuzi mwenye mafua. Pikipiki zikapigwa kiki mpaka watu wakavimba miguu. Watu wakala unga mbichi uliolowekwa, watoto wakaharisha, na mwishowe wakaenda kwake kwa magoti, kila mama na kigae chake mkononi, kama mtu anavyokwenda kwa jirani kuomba moto. Jemedari akampa kila mmoja kaa lake. Lakini kabla hujapewa kaa, unainama juu ya moto wake mkubwa unataja majina. Mtu mzima alijitaja mwenyewe, mtoto alitajwa na mama yake. Moto unameza jina, nawe unakwenda zako kupika.

Tangu siku hiyo nchi ikawa moja. Kuanzia Iguguno hadi Kinampanda, ikazunguka mpaka Mwankoko kwenye maji ya chumvi, moto ulikuwa ni mmoja, umemegwa tu vipande. Na tusiwe waongo, wizi wa ng'ombe uliisha. Watu wa bonde hili na bonde lile, waliokuwa wakichomana mikuki kwa ajili ya fahali mmoja, wakaanza kuozana mabinti. Ukiiba, mwenye mali anataja jina lako jikoni kwake, na ndimi za moto zinainama kuelekea uliko, hata kama hakuna upepo. Watu wanafuata pale zilipoinamia mpaka wanakuvuta kutoka uvunguni.

Amani ilikuwepo. Utulivu ndio haukuwepo. Mtu alikuwa anasonga ugali mguu mmoja uko nje. Hakuna aliyekaa jikoni akaota moto na kupiga soga; ulipakua, ukatoka. Siri zilisemwa kwenye taa za sola, maana sola ni kiziwi. Kina mama waliwaita watoto wao kwa kupunga mkono na kupiga miluzi, mpaka mgeni akipita njiani anadhani ni kijiji cha mabubu. Watu waligeuka-geuka vitandani wakijiuliza: leo jikoni nimesema nini? Nimemtaja nani?

Sasa pale Iguguno palikuwa na mama mmoja, Evodia, mkulima wa alizeti. Mume wake, Benjamin, aliitwa na moto kwenda vita vya kwanza vya Jemedari, hakurudi. Akabaki na watu wawili. Mmoja ni baba mkwe wake, Mzee Zefania, mwembamba kama fito, mwenye maneno mengi kuliko meno. Wa pili ni mwanawe wa pekee, kijana aliyekwisha kumpita mama yake kwa kichwa kizima. Naye aliitwa Zefania, jina la babu yake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza wa kiume.

Na jina la mkwe halitajwi. Mkamwana akimtaja baba mkwe kwa jina ni kama amemvua shuka mbele ya watu. Jina hilo likishapewa mtoto haliwi jina jingine, ni lilelile, na heshima yake ni ileile. Kwa hiyo Evodia hakuwahi kumwita mwanawe Zefania, hata siku moja. Akiwa mbali na jiko alimwita Mkwe. "Mkwe, njoo ule." "Mkwe, mbuzi umefunga?" Kijiji chote kilimwita Zefania, mama yake peke yake akamwita Mkwe, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa hivyo hivyo.

Msimu huo, alizeti ikiwa imekauka vichwa na watu wako shambani, habari ikaja kwamba Jemedari anataka nchi nyingine tena, ng'ambo ya ile aliyoichukua mwanzo. Anataka vijana wote. Askari wake, wale wanaojipaka majivu kwenye paji la uso, wanapita nyumba kwa nyumba, wanataja jina jikoni, wanafuata ndimi zilikoinamia.

Evodia akamficha mwanawe ndani ya kihenge cha uwele uani. Alijua ni kazi bure. Kihenge ni fito na udongo. Moto utakionyesha kama kidole. Lakini kuku akimwona mwewe anatanua mabawa, si kwa kuwa mabawa yanamshinda mwewe, ila ndiyo aliyo nayo.

"Mama," sauti ikatoka ndani ya kihenge. "Vumbi la uwele linaniwasha mpaka kwenye meno. Nitoke kidogo tu."

"Nasikia pikipiki. Subiri."

"Hao ni wanunuzi wa alizeti."

"Subiri, nimesema."

"Tangu asubuhi unasema wanakuja."

"Basi na wewe tangu asubuhi nyamaza."

Mzee Zefania alikuwa amekaa kwenye kigoda chake upande wa zizi, mbali kabisa na kihenge, anachonga mpini. Akacheka. "Mwache alalamike, mkamwana. Anayelalamika bado yupo."

Pikipiki hazikuwa za wanunuzi.

Waliingia wanne. Mbele yao alitembea Mathayo, balozi wa nyumba kumi, ameinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kuleta habari ya msiba. Mkubwa wa askari alikuwa kijana wa mjini, wa Mwankoko, wakimwita Afande Ezekieli. Saa kubwa mkononi, majivu mapya usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekunywa maji?"

"Tuna haraka, mzee. Mama, mwanao wa kiume anaitwa nani?"

Evodia akatazama chini.

"Nimekuuliza jina la mwanao."

"Hawezi kukwambia," Mzee Zefania akasema kutoka zizini. "Jina hilo nimelikalia mimi."

"Tusizinguane, mzee. Mama anashindwaje kumtaja mtoto aliyemzaa?"

"Mama yako hajakufundisha au ulikuwa mjini?"

Askari mmoja wa nyuma akakohoa ili asicheke. Afande Ezekieli akamgeukia Mathayo. "Balozi, taja wewe."

Mathayo akasema kwa sauti ya ndani ya shati, "Zefania."

Afande akaingia jikoni. Jiko la Evodia lilikuwa la nje, limezungushiwa mabua tu upande mmoja, kila mtu aliona. Akaondoa chungu cha mlenda mwenyewe, akakiweka chini vibaya, akainama juu ya mafiga.

"Zefania wa nyumba hii!"

Evodia alifumba macho. Alingoja kelele za kihenge kuvunjwa.

Hazikuja. Akafumbua jicho moja.

Ndimi za moto zilikuwa zimesimama wima kama zinawaza. Zikayumba huku, zikayumba kule, kama mbuzi aliyesahau zizi lake. Halafu zote kwa pamoja zikainama upande wa zizi, kwenye kigoda, kwa Mzee Zefania na mpini wake.

Mzee akatazama moto. Akasimama, akasogea hatua chache upande wa mlango. Ndimi zikamfuata. Akarudi upande wa zizi. Zikarudi naye. Akakwaruza kidevu.

"Haya," akasema. "Moto umesema. Mimi ndiye Zefania. Twendeni."

"Mzee, tunamtaka kijana."

"Kijana yuko wapi? Angekuwa yupo, moto si ungemwonyesha?" Mzee akashusha sauti, mpole kabisa. "Au unasema moto umekosea, mjukuu wangu?"

Hapo Mathayo alianza kuhesabu kuku. Askari wakatazama viatu vyao. Maana hilo neno halisemwi. Moto ukiweza kukosea jina la mtu, basi unaweza kukosea mwizi wa ng'ombe; na ukikosea mwizi wa ng'ombe, watu wa bonde hili watatazamana na watu wa bonde lile, na mikuki bado iko darini. Nchi nzima ilikuwa imefungwa kwa kamba hiyo moja, kwamba moto haukosei. Afande Ezekieli, pamoja na saa yake, hakuwa mtu wa kuikata.

"Unaweza kubeba bunduki?" akauliza, jasho likichora mistari kwenye majivu.

"Kuibeba naweza. Kuinyanyua ndiyo sijui."

"Panda pikipiki, mzee."

"Subiri nikutegee kwanza. Kitendawili."

Afande akakaza midomo. Yule askari wa nyuma akashindwa kujizuia: "Tega!"

"Nilipanda mbegu moja, zikaota mbili. Mvunaji akaja, akakata bua kavu, akaacha bichi. Ni nani huyo mvunaji?"

Askari wakatazamana.

"Nipeni mji, basi."

"Mpe Mwankoko, afande!" akasema yule wa nyuma, na wote wakacheka isipokuwa Afande.

"Mwankoko nimeupokea," mzee akasema huku akipandishwa kwenye pikipiki, miguu yake myembamba ikining'inia. "Nitawajibu tukifika." Kisha akamgeukia Evodia, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Mkamwana. Usiseme sana jikoni."

Vumbi lao lilipotulia, kijana akatoka kihengeni, mweupe kama aliyemwagiwa unga.

"Mmemtoa babu!"

"Ingia ndani."

"Mmemtoa babu badala yangu, mama! Yule hawezi hata kupanda jabali la nyuma ya nyumba. Watampeleka vitani na kikohozi kile?"

"Ingia ndani, nakuomba."

"Kwa nini moto haukuniona?"

Evodia akamshika mkono, akamvuta mbali na jiko, mpaka nyuma ya zizi. Sasa alikuwa ameelewa. Alikumbuka siku ya kigae. Amembeba mwanawe mgongoni, ameinama juu ya moto mkubwa, na askari mgeni anamuuliza: mtoto anaitwa nani? Angesemaje? Baba mkwe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni, amekwisha kujitaja Zefania kwa kinywa chake. Akasema jina alilokuwa nalo. Mkwe. Moto ukalimeza, foleni ikasogea.

"Moto haukujui kwa jina la watu," akamwambia. "Unakujua kwa jina langu. Tangu leo sikuiti tena. Hata kwa mnong'ono. Hata nikifa, sikuiti."

"Na babu?"

Evodia akamsukuma taratibu mgongoni. Kijana akarudi kihengeni, lakini hakutulia. Usiku na mchana alikwaruza, alijigeuza, alipiga ngumi kwenye fito, mpaka Evodia akawa anatwanga kinu kisicho na kitu ili kufunika kelele.

Basi, nyumba haikuwa hiyo moja. Vita vya kwanza viliwachukua watu wazima, waliojitaja wenyewe, na moto haukubabaika. Safari hii ilikuwa zamu ya waliotajwa na mama zao. Kote Iguguno, kote Kinampanda, askari walitaja majina ya vijana na moto ukainamia vigoda. Wazee wakapandishwa pikipiki na bakora zao. Stumai, jirani wa Evodia, alichukuliwa baba mkwe wake, Mzee Miraji, ambaye alikuwa haoni vizuri. Mwanawe, Miraji mdogo, alikuwa amelala chini ya lundo la vichwa vya alizeti, hatua chache tu kutoka jikoni.

Mzee Miraji alikuwa na simu. Alimpigia Stumai kutoka kambini, na Stumai akaja mbio kwa Evodia, kanga mkononi.

"Mwenzangu, kambi imeharibika. Asubuhi hawaanzi kwata mpaka kila askari amempa kila mzee shikamoo. Wazee wanaitikia mmoja mmoja, wanauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Jua linafika utosini. Afande akisema 'mguu pande', mzee anamuuliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?' Amri imekufa!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Stumai akaacha kucheka.

"Lakini wamesema kesho kutwa wanavuka mto kwenda vitani. Wenye kukohoa na wenye kuchechemea, wote wanawekwa mstari wa mbele. Jemedari hawezi kuwarudisha. Akiwarudisha atakuwa amesema nini juu ya moto wake?"

Evodia hakula siku hiyo. Alitembea kutoka zizini kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda kihengeni. Upande mmoja mtoto, upande mmoja mzee aliyebeba nusu ya machozi yake Benjamin alipokosa kurudi. Akigusa huku, kunauma kule.

Siku iliyofuata, jua likiwa juu, Jemedari Nkindwa akaja mwenyewe.

Hakuja na ngoma. Alishuka kwenye gari moja, akiwa na Afande Ezekieli nyuma yake, akaingia uani akiwa ameinama. Watu walitegemea jitu. Walimwona mzee wa makamo, macho mekundu kama mtu wa kuvuta moshi, masikio ameyaziba kwa pamba. Mguu wake mmoja haukutulia hata alipokaa. Ulikuwa unatikisika wenyewe.

Kijiji chote kilijaa uani. Hakuna aliyealikwa. Mgeni mkubwa akiingia kwa jirani, watu huja kusalimia. Hata Jemedari hawezi kukataza salamu. Stumai alikuwepo, na Magreth wa nyumba ya pili, na kina mama wengine wote ambao vigoda vya kwao vilikuwa vitupu.

"Nyumba hii ndiyo ya kwanza," Jemedari akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, imechoka. "Hapa ndipo moto ulipoanza kunigeuka. Mama, nasikia majiko yote ya nchi hii. Mke na mume wakigombana Kinampanda nawasikia. Mtoto akiomba uji nasikia. Sijalala tangu nilipoichukua nchi. Nilidhani nikizichukua na zile nyingine, kelele zote zitakuwa moja, nitapumzika." Akafumba macho kidogo. "Lakini jina la mwanao silisikii. Ulimtaja kwa jina gani?"

Evodia alikuwa amepiga magoti kwenye mafiga, anakoroga ugali wa uwele.

"Sikulazimishi. Tunabadilishana. Mwite hapa, kwa jina ulilonipa siku ile. Mzee wako analala nyumbani kesho. Kijana nakwenda naye. Usipomwita, mzee anavuka mto mstari wa mbele."

Kihenge kilikuwa kimya kabisa. Kimya hicho kilimtisha Evodia kuliko makwaruzo yote.

"Watu watoke kwanza," Jemedari akamwambia Afande. "Hili ni langu na huyu mama."

Na hapo Evodia akaelewa kitu. Kwa nini watoke? Mtu mwenye nchi nzima anaogopa macho ya kina Stumai? Kumbe. Moto ukiinamia kihenge mbele yao, wataona wote kwamba ule uliomwinamia mzee haukuwa sahihi. Jemedari alitaka kijana, lakini alimtaka kimyakimya.

"Watu hawawezi kutoka, Jemedari," akasema, bila kuinua kichwa. "Ugali uko motoni. Kwetu chungu kikiwa jikoni mgeni hatoki, na jirani aliyekwisha kukaa haondolewi. Ni aibu kwangu. Afande, na wewe nenda ukanawe."

Wazee wachache waliobaki wakaguna kukubali. Hata Afande Ezekieli akatazama mikono yake kama anatafuta maji. Jemedari akabaki amekaa. Alikuwa mgeni kwenye kigoda cha watu.

Evodia akaweka mwiko chini. Akapangusa mikono kwenye kanga. Alijua akiita, hakuna kurudi nyuma. Labda watamvuta mwanawe hapohapo. Lakini alijua pia kwamba kijana yule asingebaki kihengeni siku babu yake atakapovuka mto. Angetoka mwenyewe, peke yake, bila mtu wa kumshuhudia. Heri atoke mbele ya watu.

"Mkwe!" akaita. Sauti ilipasuka katikati. Akaita tena. "Mkwe wangu, toka uje kula!"

Ndimi zikainama zote upande wa kihenge. Zikalala kabisa, kama majani chini ya ng'ombe.

Kifuniko kikaondoka. Kijana akachomoza, amejaa makapi, akiwa amesimama wima kabisa. Uani pakawa na mnong'ono uliopita kama upepo kwenye mtama.

"Kumbe yule mzee alichukuliwa bure!" Mathayo akasema kwa sauti kubwa, halafu akajiziba mdomo. Alikuwa amelisema.

Stumai akasogea. "Moto si umekosea kwa Evodia? Basi ngoja na mimi nijaribu wangu." Akainama juu ya mafiga, akaita, "Baba! Baba yangu mdogo!" Nusu ya ndimi zikageuka, zikainamia lundo la alizeti nje ya uzio.

"Mama, acheni!" Afande akasema.

"Shikamoo kwanza," Magreth akamjibu, akampita, akainama. "Mzee! Mzee wangu, uko wapi?" Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na jina lake la heshima, la ajabu, lisilojulikana na mtu isipokuwa mama na mwanawe. Bwana Mkubwa. Rafiki. Mwenye Boma. Moto ukavutwa kaskazini na kusini, ukavutwa kwenye majabali na kwenye mashamba, ukanyooka chini pande zote mpaka ukawa mwembamba kama uzi, ukalia mlio mdogo, na ukakatika.

Ugali ukaacha kutokota.

Kutoka juu ya kiambaza cha jirani moshi ulikuwa umekoma. Kule ng'ambo ya barabara pia. Simu ya Mathayo ikaita. Ilikuwa Kinampanda, wanauliza kama na huku majiko yamezimika.

Wote wakamtazama Jemedari. Alikuwa ameondoa pamba kwenye sikio moja, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akaondoa na ya pili. Mguu wake ukaacha kutikisika. Alisikiliza tena, uso ukalegea taratibu kama kamba iliyolowana, kidevu kikashuka kifuani, na akalala. Palepale kwenye kigoda. Akaanza kukoroma.

"Tumfanyeje?" Mathayo akanong'ona.

Afande Ezekieli alijifuta paji la uso kwa mkono wa shati, akabaki na uso wa kijana tu, akamuuliza Evodia kama anaweza kunawa.

Stumai akatoa kiberiti kilichochakaa kwenye rafu ya jikoni, akakwaruza njiti. Ikawaka. Akaisogeza mdomoni, akanong'ona jina la mwanawe, na ule moto mdogo ukasimama wima, haujui kitu, mpaka ukamchoma kidole. Kina mama wakacheka, wakapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikapungua kimoja kimoja. Magreth alikuwa wa kwanza kugeuka. "Mbuzi wangu wako peke yao," akasema, akaondoka haraka. Wanaume wakaanza kutazama upande wa bonde la pili. Mmoja akauliza kama kuna anayejua mikuki ya babu yake iliwekwa wapi. Alicheka alipouliza, lakini hakuna aliyecheka naye.

Kijana alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Evodia akamshika.

"Kumchukua babu. Hakuna atakayemleta. Askari watakimbia wote, wazee watabaki porini."

"Subiri tule. Subiri nikuwashie jiko."

"Mama, nimesubiri vya kutosha."

Alimwachia. Alimwangalia akipita uzio, akifuatwa na Miraji mdogo, na mwingine, na mwingine, waliotoka kwenye vihenge na mapango ya majabali, wakijipangusa makapi. Wakateremka barabarani.

Evodia akarudi jikoni na kukamata mwiko. Dakika chache tu baadaye, akageuka kwenye mafiga kwa mazoea, akasema "Mkwe", atazame ndimi zitainama wapi. Palikuwa na majivu tu. Kwa maisha yote ya yule mtoto, hata katika hofu, hata katika ukimya, palikuwa na namna ya kujua yuko upande gani, hata kabla yeye hajaijua.

Akapanda jabali la nyuma ya nyumba, akaweka mkono juu ya macho. Barabara ilikuwa imejaa vumbi. Watu walikuwa wanakuja na watu walikuwa wanakwenda, wengine wana ng'ombe, na kwa mbali hivyo usingeweza kutofautisha mzee na kijana, wala nani anafukuzwa na nani anarudi nyumbani.

Akaita. Hakuna kilichogeuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, halafu akafunga kanga kiunoni na kuteremka kumtafuta kwa miguu yake.